Mabruda wa Marist na raga ya Samoa: uchambuzi wa kisa cha Apia, 1920 hadi 1924

Jumatatu tarehe 18 Agosti 1924, saa moja asubuhi, timu ya raga ya Samoa Magharibi, visiwa vya Pasifiki vinavyoitwa leo Samoa, iliingia uwanjani mjini Apia kucheza mechi yake ya kwanza dhidi ya taifa jingine. Wageni walikuwa Fiji, na kwao pia hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya kimataifa. Walikuwa njiani kwenda Tonga kwa meli, wakapitia Apia. Mechi ilipangwa mapema namna ile ili Wafiji wawahi meli yao na Wasamoa wawahi kazini. Kwenye mstari wa katikati ya uwanja palisimama mti mkubwa, na mechi ikachezwa mti ukiwa palepale. Fiji, waliovaa jezi nyeusi, walishinda 6-0. Meli iliporudi timu hizo zikakutana tena, na safari hii Samoa ikashinda 9-3.

Chama cha raga cha Samoa Magharibi kilikuwa kimeundwa mwaka huohuo, na mchezo wenyewe ulikuwa na miaka minne tu visiwani. Uliletwa mwaka 1920 na Mabruda wa Marist, shirika la watawa Wakatoliki wanaoishi kwa kufundisha. Leo ukimtajia Samoa shabiki wa raga wa Nairobi au Kampala, kitu cha kwanza kitakachomjia ni wanaume wenye mabega mapana wanaocheza siva tau, ngoma yao ya vita, kabla ya mechi. Nchi nzima inajulikana kwa mchezo ulioanzia kwenye shule ya misheni. Na misheni yenyewe haikuwa ya wengi: Wakatoliki wa Samoa ni takribani mtu mmoja kati ya watano, na walifika miaka 15 baada ya Waprotestanti.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kila dalili ilikuwa dhidi yake. Kanisa lililoleta mchezo lilikuwa dogo. Nchi uliyotoka mchezo huo, New Zealand, ndiyo iliyokuwa ikitawala Samoa kwa nguvu, na ilikuwa na damu ya Wasamoa mikononi. Tena visiwani tayari palikuwa na mchezo wa Kiingereza uliopendwa mno. Maoni yangu ni kwamba mabruda walifaulu kwa sababu walishika shule na hawakushika kijiji. Raga ilipotoka shuleni ilikuta kijijini chombo kilicho tayari kuipokea, na kuanzia hapo ikaacha kuwa ya Wakatoliki.

Waliotangulia na waliochelewa

John Williams wa Shirika la Kimisionari la London alitua Sapapali'i, kisiwa cha Savai'i, mwaka 1830. Malietoa Vainu'upō, chifu mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, alimpokea, na kwa kizazi kimoja tu Ukristo wa Kiprotestanti ukaingia katika kila kona. Kila kijiji kikapata mchungaji wake, faife'au, anayetunzwa na kijiji na kujengewa nyumba na kijiji. Huo ulikuwa mfumo wenye nguvu ajabu. Kanisa halikusimama kando ya kijiji. Lilikaa ndani yake, likawa na sauti katika mambo yake yote, kuanzia sala ya jioni hadi michezo ya vijana.

Wakatoliki walikuja kwa njia ndefu. Shirika la Maria, lililoongozwa na padre Mfaransa Jean-Claude Colin, lilipata kibali cha Roma mwaka 1836 na kukabidhiwa Oseania ya magharibi, eneo la bahari ambalo wengi wa mapadre hao hawakuwa hata na ramani yake kichwani. Padre Pierre Chanel aliuawa kisiwani Futuna tarehe 28 Aprili 1841, na leo ndiye mtakatifu msimamizi wa Oseania nzima. Mwenzake Pierre Bataillon alikuwa kisiwani Wallis, akawa askofu, na kutoka Wallis ndiko Samoa ilikofikiwa. Mwaka 1845 mapadre Gilbert Roudaire na Théodore Violette, pamoja na bruda Jacques Peloux, walifika Savai'i wakifuatana na Wasamoa wawili waliopokea Ukatoliki huko Wallis. Vijiji vingi viliwafungia milango. Aliyewapa kivuli ni Mata'afa Fagamanu, chifu ambaye aliwahi kufika Wallis na kupokewa vizuri na wamisionari, naye hakusahau wema ule.

Hapo Ukatoliki ukafungamana na ukoo wa Mata'afa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mata'afa Iosefo, Mkatoliki, alishindania uongozi mkuu wa Samoa na ukoo wa Malietoa, na vita vya 1898 na 1899 vikaingiza manowari za Wajerumani, Wamarekani na Waingereza. Dini zikaonekana kama bendera za koo. Mkatoliki aliyetaka kuwashawishi Waprotestanti kwa mahubiri alikuwa anagonga mlango ambao nyuma yake palikuwa na siasa, ardhi na heshima ya majina ya kale. Ukitaka kupima umuhimu wa kilichotokea baadaye uwanjani, anza na ugumu huo.

Ndani ya familia ya Marist kuna kundi jingine. Mabruda wa Marist walianzishwa na Marcellin Champagnat katika kijiji cha La Valla, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1817. Hawa si mapadre. Hawaadhimishi misa wala hawaungamishi. Wito wao ni kufundisha watoto na kukaa nao. Wasomaji wa Nairobi huenda wanawajua kupitia chuo chao kilichoko Karen. Mjini Apia walifungua shule yao Mulivai, karibu na kanisa kuu, mwaka 1888. Shule ilikuwa mjini, penye bandari, maduka na ofisi. Ilipokea watoto wa wafanyabiashara, watoto wa mchanganyiko wa damu na watoto wa familia zilizotaka elimu ya kizungu. Olaf Frederick Nelson, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa mjini na kiongozi wa upinzani dhidi ya New Zealand, alisoma kwao. Nitarudi kwake.

Mchezo uliokuwapo

Wasamoa hawakuwa watu wasio na michezo wakisubiri kupewa. Walikuwa na mieleka, mashindano ya marungu, mbio za mitumbwi, na tagāti'a, mchezo wa kutupa vijiti vyepesi viteleze mbali juu ya ardhi. Kisha Waingereza wakaleta kriketi katika karne ya 19, na Wasamoa wakaibadilisha hadi Mwingereza mwenyewe asiitambue. Wakaiita kirikiti. Gongo likawa la pande tatu, mpira ukawa wa raba, na timu haikuwa na idadi maalumu: kijiji kizima kingeweza kukabiliana na kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, kwa ngoma na vichekesho, na wenyeji wakibeba mzigo wa kuwalisha wageni kwa siku nyingi. Wachungaji na watawala walilalamika kwamba mashamba yanaachwa na chakula kinateketea. Malalamiko hayo hayakufua dafu.

Kirikiti ni muhimu katika kisa hiki kwa sababu inaonyesha namna Wasamoa wanavyopokea kitu cha wageni. Wanakichukua, wanakiweka chini ya kijiji, na kijiji kinakipa sheria zake. Kwa hiyo mwaka 1920 nafasi haikuwa wazi. Raga ilipaswa kutafuta mahali pake pembeni ya mchezo ambao tayari ulikuwa wa Kisamoa kabisa. Tena raga ina sheria ngumu zaidi, idadi kamili ya wachezaji 15, na mwamuzi mwenye kauli ya mwisho. Huwezi kuibadilisha ukabaki na mchezo ambao Fiji watakuja kucheza nawe.

Miaka sita ya askari

Tarehe 29 Agosti 1914, vita kuu ikiwa na majuma machache tu, jeshi la New Zealand lenye watu zaidi ya 1,300 lilitua Apia na kuiteka Samoa kutoka kwa Wajerumani bila risasi kufyatuliwa. Watu hao walitoka nchi iliyokwishaifanya raga kuwa mchezo wake wa taifa. Mechi ya kwanza huko ilichezwa mjini Nelson mwaka 1870, na timu yao iliyozuru Uingereza mwaka 1905 ilikuwa na sifa dunia nzima. Kama kuwapo kwa wanaojua mchezo kungetosha, raga ya Samoa ingehesabiwa kuanzia 1914. Kumbukumbu za mchezo huo zinataja 1920, na zinataja mabruda. Naona tofauti hiyo ndiyo kiini cha kisa chote.

Askari wana mpira, muda na miguu, lakini hucheza wenyewe kwa wenyewe. Hawana watoto wa wenyeji mikononi kila siku kwa miaka mingi. Tena utawala wao ulikuwa umejiharibia jina kwa namna isiyosahaulika. Tarehe 7 Novemba 1918 meli ya Talune kutoka Auckland iliruhusiwa kufunga gati Apia ikiwa na wagonjwa wa homa kali ya mafua. Ndani ya majuma machache watu wapatao 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja kati ya watano wa nchi nzima. Samoa ya Marekani, umbali mfupi tu upande wa mashariki, iliweka karantini chini ya Gavana John Poyer na haikupoteza mtu hata mmoja. Msaada uliotolewa kutoka Pago Pago, mji mkuu wa Samoa ya Marekani, ulikataliwa na Kanali Robert Logan, mtawala wa kijeshi wa New Zealand. Wazee, machifu, wachungaji na wazazi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Mvulana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1920, mwaka ambao mpira wa raga uliingia katika shule ya mabruda, alikuwa na miaka 13 gonjwa lilipopita. Kila aliyekimbia kwenye uwanja ule wa kwanza alikuwa amefiwa, au alikaa darasani na waliofiwa. Sitaki kudai kwamba raga ilikuja kuwafariji. Hilo lingekuwa kuandika historia kwa hisia. Lakini sioni namna ya kueleza kwa nini mchezo wa watawala ulipokelewa wakati ule bila kusema kwamba haukupokelewa kutoka kwa watawala. Ulitoka kwa walimu waliokuwapo Apia tangu 1888, kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa mwaka 1900 na kabla ya bendera ya Uingereza kuipokea mwaka 1914.

Kwa nini mabruda

Bruda wa Marist anafundishwa tangu unovisi, mafunzo ya mwanzo ya utawa, kwamba kazi yake haiishii kengele ya mwisho inapolia. Champagnat alisisitiza kuwa karibu na kijana, kwenye mchezo sawasawa na kwenye hesabu. Kwa hiyo uwanja wa michezo katika shule ya Marist ni sehemu ya malezi, na bruda mwenye filimbi yuko kazini. Kuna pia sababu iliyotoka New Zealand. Wakatoliki wa huko, wengi wao wa asili ya Ireland, walikuwa wachache katika nchi ya Waprotestanti, na raga iliwapa mahali pa kuhesabiwa sawa na wengine kila Jumamosi. Wanafunzi wa zamani wa mabruda mjini Auckland walikuwa na klabu yao ya Marist tangu 1908. Shirika lilijua, kwa uzoefu wake lenyewe, kwamba kanisa dogo linaweza kuingia katika maisha ya taifa kubwa kupitia lango la uwanja.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni ile saa moja asubuhi. Wachezaji wa kwanza wa Samoa walihitaji kuwahi kazini siku ya Jumatatu. Mtu wa kijijini ambaye shamba lake la taro liko kilimani halazimiki kuwahi saa ya ofisi. Angeweza kucheza mchana na kupanda kesho. Anayebanwa na saa ni karani, msaidizi wa duka, mtu wa bandarini. Hao ndio shule ya mabruda ilikuwa ikiwatoa kwa zaidi ya miaka 30. Ni hoja ninayoijenga kutokana na ratiba, lakini inalingana na mambo mengine yote tunayoyajua: raga ya Samoa ilianza kama mchezo wa vijana wa mjini waliosoma.

Waprotestanti wangeweza kufanya hivyo? Wangeweza, kwa maana ya uwezo. Walikuwa na watu wengi zaidi, na shule zao za vijiji zilifika kila mahali. Ila nguvu yao ndiyo iliyowazuia. Mchungaji aliyekaa ndani ya kijiji alikuwa mlinzi wa utaratibu wa kijiji, na tayari alikuwa na mgogoro wa muda mrefu na kirikiti. Kumwomba alete mchezo mwingine wa vurugu kwenye uwanja uleule ni kumwomba aongeze tatizo analojaribu kulipunguza. Bruda hakuwa na kijiji cha kulinda. Alikuwa na madarasa, ua wa shule na wavulana wenye nguvu nyingi mno saa za mchana.

Mchezo unapofika kwenye malae

Kutoka mjini hadi vijijini raga ilivuka bila kubebwa na Ukatoliki, na hapa ndipo mabruda wanapopungua katika hadithi na Wasamoa wenyewe wanaposhika usukani.

Kila kijiji cha Samoa kina 'aumaga, kundi la wanaume wasio na cheo cha matai, yaani chifu wa ukoo. Hao ndio wanaolima, wanaovua, wanaopika kwenye tanuri la mawe, wanaowahudumia wazee kwenye baraza, na zamani ndio waliokwenda vitani. Wanajuana tangu utoto, wana kiongozi wao, wamezoea kufanya kazi ngumu kwa pamoja na kutii amri bila kuulizana. Kijiji pia kina malae, uwanja wazi wa katikati unaozungukwa na nyumba, mahali pa sherehe na hotuba. Ukileta mchezo unaohitaji wanaume 15 wenye nguvu wanaosukumana bega kwa bega, na uwanja mmoja wa majani, 'aumaga na malae vinakuwa timu na uwanja wake siku hiyohiyo. Kirikiti ilikuwa imeshaonyesha njia. Tofauti ni kwamba kirikiti ilimpa nafasi kila mtu, ilhali raga ilikwenda moja kwa moja kwa kundi ambalo amani ya wakoloni ilikuwa imelinyang'anya kazi yake ya zamani ya vita.

Kijiji kiliiwekea raga mipaka yake pia. Jioni ikifika wakati wa sā, saa ya sala ya familia, uwanja unakuwa mtupu na anayekiuka anatozwa faini na wazee. Jumapili ni ya kanisa. Raga ya kijijini iliingia ndani ya ratiba hiyo, na kwa hiyo wachungaji ambao wangeipinga hawakupata pa kushika. Watoto wa Kanisa la Kikongregesheni, wa Kimethodisti na wa Kikatoliki wakawa wanasukumana bega kwa bega katika skramu moja kwa sababu wote ni wa kijiji kimoja. Mahubiri ya miaka 75 hayakuwa yameweza kuwaweka pamoja hivyo.

Kuna pingamizi ambalo msomaji makini atakuwa nalo, kwamba mchezo huu ulikuwa chombo cha kuwatuliza watawaliwa. Huwezi kulipuuza. Mwaka 1923 Jenerali George Richardson alikuja kuwa mtawala, akaendesha Samoa kama kambi: akawavua machifu majina yao, akawahamisha waliompinga. Yeye ndiye aliyekuwa madarakani siku ile ya Agosti 1924. Hata hivyo, kama raga ilikusudiwa kuwatuliza vijana, haikufaulu hata kidogo. Harakati za Mau, zilizodai Samoa iwe ya Wasamoa, ziliwaka nchi nzima kuanzia 1926 na 1927, na Nelson, mwanafunzi wa zamani wa mabruda, alikuwa mstari wa mbele hadi akapelekwa uhamishoni. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa New Zealand waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Apia na kumuua Tupua Tamasese Lealofi III pamoja na wengine kadhaa. Watu haohao wa visiwa vile waliendelea kucheza raga. Waliweza kutenganisha mchezo na mtawala, na naona ni dharau kuwafikiria kwamba hawakujua walichokuwa wakifanya.

Kipimo cha upande wa pili

Bahati nzuri kisa hiki kina jaribio la kulinganisha ambalo historia yenyewe imelifanya. Mkataba wa 1899 uliigawa Samoa: magharibi kwa Ujerumani, mashariki kwa Marekani. Tutuila, kisiwa kikuu cha mashariki, na Upolu, kisiwa uliko mji wa Apia, ni watu wamoja, lugha moja, koo zinazooana, 'aumaga zilezile na malae zilezile. Ukatoliki ulikuwapo pande zote mbili, tena ulipelekwa na familia ileile ya Marist. Lakini upande wa mashariki mchezo ulioshika vijana ni mpira wa miguu wa Kimarekani, ulioingia kupitia shule za sekondari katika nusu ya pili ya karne ya 20, na leo kisiwa kile kidogo kinajulikana Marekani kwa wingi wa wachezaji wa kulipwa wenye asili yake.

Matokeo haya yananilazimisha kupunguza sifa za mabruda kwa kiasi fulani, na kuziweka mahali pake hasa. Umisionari wenyewe haukutosha kuleta raga. Kilichotosha ni shule iliyounganishwa na nchi inayocheza mchezo huo, ikifundisha wavulana wa jamii yenye 'aumaga. Badilisha nchi iliyo nyuma ya shule, mchezo unabadilika. 'Aumaga inabaki, na inatoa wachezaji hodari vilevile. Mabruda walikuwa kiungo, na bila kiungo hicho mwaka 1920 raga ya Samoa ingechelewa au ingekuja kwa sura ya kambi ya jeshi, jambo ambalo baada ya 1918 lingeifukuza.

Nusu karne ya kusubiri, kisha Cardiff

Baada ya 1924 dunia ya raga iliisahau Samoa kwa muda mrefu. Ilicheza na majirani zake Fiji na Tonga, ikapata uhuru wake tarehe 1 Januari 1962, na ilizuru New Zealand mwaka 1976. Mwaka 1986 Wales walikuja Apia na kushinda 32-14. Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la kwanza likachezwa. Fiji na Tonga walialikwa. Samoa hawakualikwa, na hakuna kufuzu walikoshindwa, kwa kuwa hakukuwa na mechi za kufuzu. Kwa nchi iliyokuwa ikicheza na hao wawili tangu mwanzo, ile ilikuwa dharau kamili.

Tarehe 6 Oktoba 1991, wakiwa wamefuzu kwa mechi zilizochezwa Tokyo, Samoa Magharibi waliingia Cardiff Arms Park kukabiliana na Wales, timu iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la 1987. Nahodha alikuwa Peter Fatialofa. To'o Vaega na Sila Vaifale walifunga trai, yaani walifikisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, na Samoa ikashinda 16-13. Nchi ya watu wapatao 160,000 iliwashinda Wales nyumbani kwao. Ikapoteza kwa Australia 9-3, mabingwa wa mwaka ule, ikaifunga Argentina 35-12, na ikaondolewa na Scotland kwenye robo fainali kwa 28-6. Kijana kuliko wote katika mashindano yale alikuwa Brian Lima, mwenye miaka 19, wa klabu ya Marist St Joseph's ya Apia. Alikuja kucheza Kombe la Dunia mara tano, hadi 2007. Miaka 71 baada ya mabruda kuleta mpira, jina la shirika lao lilikuwa bado juu ya klabu iliyomtoa.

Ushindi wa Cardiff ulipatikana siku ya Jumapili. Katika mashindano yaleyale Michael Jones, mzaliwa wa Auckland mwenye asili ya Samoa aliyewahi kuichezea Samoa dhidi ya Wales mwaka 1986 kabla ya kuhamia timu ya New Zealand, alikataa kucheza mechi za Jumapili kwa sababu ya imani yake, na akaikosa nusu fainali. Napenda kumtaja hapa kwa sababu wengi huandika kana kwamba raga iliinyonya dini ya Wasamoa. Yeye, aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake, aliweka mpaka uleule ambao kijiji cha babu zake kiliuweka, na timu bora duniani ikalazimika kuuheshimu.

Nani anamiliki wachezaji

Jina la Jones linafungua jambo ambalo mabruda wa 1920 wasingeweza kuliona. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu ya Wasamoa walihamia Auckland kufanya kazi viwandani. Watoto wao wakasoma huko, na raga iliyotoka New Zealand kwenda Apia ikawa inarudi New Zealand ndani ya miili ya Wasamoa. Bryan Williams, aliyekuja kuwa mshauri wa kiufundi wa Samoa mwaka 1991, alikuwa mmoja wa hao: aliichezea New Zealand kuanzia 1970. Baada ya Cardiff, Frank Bunce aliyekuwa shujaa wa Samoa alihamia timu ya New Zealand mwaka 1992. Sheria za wakati ule ziliruhusu. Zilipokazwa baadaye, zilimfunga mchezaji kwa nchi ya kwanza aliyoichezea, na kwa kijana wa Auckland nchi hiyo ya kwanza mara nyingi ilikuwa ile yenye fedha.

Kwa muda wote huo timu kuu ya New Zealand haikuwahi kucheza mechi rasmi Samoa. Iliwachukua hadi tarehe 8 Julai 2015 kufika Apia Park, ambako walishinda 25-16, miaka 95 baada ya raga kuingia visiwani na miaka 101 baada ya jeshi lao kutua bandarini. Siwezi kuona sababu ya kimichezo inayoeleza kuchelewa huko. Wachezaji walichukuliwa kila mwaka. Mechi moja ya kuwalipa walioachwa nyumbani haikupatikana kwa karibu karne nzima.

Shirikisho la dunia lililegeza sheria kuanzia Januari 2022: mchezaji aliyekaa miaka mitatu bila kuichezea nchi yake ya kwanza anaweza kuhamia nchi alikozaliwa yeye, mzazi wake au babu yake. Mwaka uleule timu ya Moana Pasifika, ya wachezaji wenye asili ya visiwa vya Pasifiki, ikaingia katika ligi ya Super Rugby. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 nchini Ufaransa, Lima Sopoaga, aliyekwisha kuichezea New Zealand, alivaa jezi ya buluu ya Samoa, pamoja na Christian Leali'ifano aliyetoka Australia. Samoa haikuvuka makundi mwaka ule, na ilifungwa na Uingereza kwa pointi moja tu, 18-17.